Shilingi 131,500: kisa cha kikundi cha Nyalenda na mwanzilishi asiyelipwa

Katikati ya Agosti 2024, shilingi 131,500 zilitoka kwenye akaunti ya kikundi kimoja cha Nyalenda, Kisumu, kwa hundi moja yenye saini mbili. Saini ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti. Ya pili ilikuwa ya mweka hazina, ambaye siku hiyo alikuwa kibandani kwake katika soko la Kibuye akifungua robota la mitumba, na hakujua kuna hundi iliyoandikwa. Hundi hiyo aliitia saini Juni ikiwa tupu, pamoja na nyingine nne. Kila alipoitwa benki alikuwa akipoteza wateja wa asubuhi, wakaona heri asaini zote kwa mpigo.

Machi 2025 niliombwa kuketi na kamati ya kikundi hicho, nikiwa mtu wa nje anayejua kusoma vitabu vya hesabu. Majina ya watu na ya kikundi nimeyaacha, maana Kisumu si mji wa kumficha mtu. Mtaani kisa kilikuwa kinasimuliwa kama habari ya mama aliyekula pesa za wasichana. Makaratasi yalisema jambo jingine, na ni gumu zaidi kulihukumu.

Mwanzilishi ni fundi cherehani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, alikuwa na cherehani mbili na ovaloki moja, mashine ya kupindia kingo za nguo, katika chumba cha kupanga karibu na Ring Road. Zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, baadhi ya wasichana wa mtaa hawakurudi: wengine walikuwa na mimba, wengine wameshajifungua. Kenya ina sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994, na Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya mwaka 2020. Lakini sera peke yake haimshiki mtoto mama yake akiwa darasani, wala haimshonei msichana sketi inayomtosha baada ya uzazi. Hayo ndiyo aliyoyafanya yeye. Alishona sare kwa vitambaa vyake, akatafuta akina mama watatu wa kulea watoto mchana, na akawaendea walimu wakuu mmoja mmoja kuomba msichana apokelewe. Watu wakamwita Mama, hata waliomzidi umri.

Baadaye mwaka huo mtu akamwambia kwamba bila cheti hatapata msaada popote. Usajili wa kikundi ulihitaji wanachama, viongozi, katiba na kumbukumbu za mkutano wa kwanza. Wanachama alikuwa nao: wateja, majirani, wanakwaya wenzake. Katiba aliinunua saiba.

Nimeisoma katiba hiyo. Ina kurasa sita, na ukurasa wa nne bado una jina la kikundi kingine, cha wafugaji wa kuku. Kifungu cha 11 kinaiagiza kamati ihakikishe chanjo zinatolewa kwa wakati. Kingine kinasema faida itagawiwa wanachama kila Desemba, na kingine kinamtoza faini anayekosa mchango wiki tatu mfululizo. Hakuna mahali panapotaja ruzuku, wala mgongano wa maslahi, wala nani anamwajiri nani.

Ukiwasimulia watu hilo wanacheka, lakini fungua kabati za vikundi kuanzia Nakuru hadi Busia uone utakuta katiba ngapi za namna hiyo. Katiba ya chama cha kuchangishana imejengwa juu ya pesa za wanachama wenyewe. Kila mmoja anazilinda kwa kuwa anajua alizitoa kwa jasho gani, na mweka hazina akichelewa kuleta daftari anatafutwa mpaka nyumbani. Pesa za ruzuku hazina mwenyewe ndani ya chumba. Wenye haki nazo ni wasichana ambao si wanachama, na aliyezitoa yuko mbali. Ukichukua kanuni za chama ukazitumia kwa ruzuku, unakuwa umemwacha mtu mmoja na akaunti, na majirani wanaomheshimu wamekaa pembeni.

Viongozi kwenye karatasi walikuwa sita. Mama alikuwa mwenyekiti, na pia mratibu wa kazi zote, maana yake alijisimamia mwenyewe. Mpwa wake alikuwa katibu. Kulikuwa na mweka hazina wa Kibuye, mwalimu mkuu mstaafu, mchungaji wa kanisa lililowapa ukumbi, na kijana mmoja mwakilishi wa vijana. Watia saini benki walikuwa watatu, wawili wowote wakitosha: Mama, mpwa na mweka hazina. Hesabu hiyo kila anayefungua akaunti angeifanya kwa vidole kabla hajatoka benki. Kama wawili kati ya watatu ni wa nyumba moja, saini ya tatu ni pambo.

Kumbukumbu za mikutano minne ya 2023 zilikuwa za kalamu moja na mwandiko mmoja. Ule wa Novemba unaonyesha kwamba bajeti iliungwa mkono na yule kijana. Kijana huyo alikuwa Qatar tangu Februari, akilinda jengo la watu. Nilipomuuliza katibu hakuzunguka: "Walitaka kumbukumbu ndipo watupe fomu. Nikaandika." Waliozitaka, bila shaka, hawakumpigia simu hata mjumbe mmoja.

Ruzuku ilivyoingia na ilivyotoka

Ruzuku ya kwanza ya maana ilifika Machi 2024, kupitia shirika kubwa la mjini lililokuwa likipokea fedha za Marekani na kuzigawa kwa vikundi. Mkataba ulikuwa wa shilingi 1,240,000 kwa awamu mbili: 740,000 papo hapo, na 500,000 Februari 2025. Awamu ya kwanza ilipangiwa mafungu. Chakula cha mchana na michango ya shule kwa wasichana 30, 310,000. Sare, 108,000. Akina mama wa kulea, 132,000. Ziara za shuleni na majumbani, 70,000. Ofisi na posho, 120,000.

Fungu hilo la mwisho ndilo la kutazama. Kodi ya chumba ilikuwa 4,500 kwa mwezi, yaani 54,000 kwa mwaka. Zilizobaki, 66,000, zilikuwa posho ya mratibu: shilingi 5,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kilitoka kwenye fomu ya shirika kubwa. Kamati ya kikundi haikukaa hata siku moja kujadili Mama alipwe nini, wala kabla ya ruzuku wala baada yake.

Sare alizishona yeye. Seti 60 kwa 1,800 kila moja, risiti akaiandika kwenye kitabu chake mwenyewe cha risiti. Mweka hazina aliulizia baadaye dukani mjini, akaambiwa seti kama hiyo ni 2,600. Kwa bei hiyo Mama aliokoa shilingi 48,000. Mkaguzi wa shirika kubwa hata hakuuliza kuhusu bei. Aliuliza nani aliyeamua kazi apewe Mama, na jibu lilikuwa kwamba Mama ndiye aliyeamua.

Septemba, muhula wa tatu ukiwa umeshaanza, msichana wa kidato cha pili alifika Kibuye na sare zake katikati ya siku. "Shangazi, pesa ya chakula haijalipwa. Nimerudishwa. Mwalimu amesema tuko tisa." Mweka hazina akapiga simu hapo hapo.

"Mama, shule inasema haijalipwa."

"Pesa ya pili haijafika, binti yangu. Waambie wavumilie kidogo."

Kweli awamu ya pili ilikuwa haijafika, na haikutarajiwa kabla ya Februari. Lakini muhula wa tatu ulikuwa ndani ya awamu ya kwanza. Mweka hazina hakuwa na njia ya kujua hilo. Taarifa ya benki ilikwenda kwa Mama peke yake, bajeti hakuwahi kupewa nakala, na kumwambia mtu unayemwita Mama "nionyeshe" ni jambo ambalo mwanamke wa umri wake hakulelewa kulisema. Akavumilia. Oktoba wasichana sita kati ya wale tisa walirudi darasani, kwa shilingi 27,000 ambazo Mama alikopa kwenye chama chake cha akina mama. Watatu hawakurudi.

Mpango wa Mama, alivyoueleza mwenyewe baadaye, ulikuwa kuziba pengo awamu ya pili ikiingia. Huenda angefaulu, na mimi nisingekuwa na kisa cha kuandika. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kabla mwezi haujaisha barua za kusimamisha kazi zilikuwa zinashuka ngazi moja hadi nyingine, mpaka zikafika Nyalenda: hakuna awamu ya pili, na ripoti ya kufunga iletwe kwa siku 14, ikiwa na risiti zote na taarifa ya benki.

Wapo wanaosema amri hiyo ndiyo iliyokiua kikundi. Iliwaumiza wasichana bila kosa lao, hilo sipingi. Lakini pengo lilikuwapo tangu Agosti. Amri iliondoa tu pesa ambazo zingelifunika.

Daftari la Mama

Tulikutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Mkutano ulianza kwa Kiswahili kwa ajili ya mchungaji, ambaye kwao ni Vihiga, ukaingia Dholuo mara tu ulipopata moto, ikabidi Mwalimu, yule mkuu mstaafu, amtafsirie pembeni.

Mama alikuja na daftari la kurasa 96, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Ndani mlikuwa na kila alichotoa mfukoni tangu Januari 2021 hadi mwisho wa 2023. Ukurasa mmoja nilinakili: "Nauli Ahero na kurudi, 300. Maziwa ya mtoto, 240. Kodi Mei, 3,500. Kodi Juni, 3,500, nimeuza ovaloki." Jumla aliyoipiga mwenyewe mwishoni ilikuwa 214,300.

"Kwa hundi ile ya Agosti nimejilipa deni langu," akasema, "na bado kikundi kinadaiwa 82,800. Nani hapa mwingine ameuza mashine yake?"

Hakuna aliyejibu hilo. Mweka hazina ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, hakuna anayesema hukutoa. Lakini jina langu liko kwenye hundi ile, na mimi sijui ilikuwa ya nini."

Mwalimu akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwaka 2021: "Siku ulipokuwa ukilipa kodi hiyo ya Mei, ulikuwa unatoa au unakopesha?"

Mama alinyamaza. Naamini hakuwa anaficha kitu; hakuwa na jibu. Wakati ule hakukuwa na akaunti ya kumlipa, kwa hiyo swali halikuwa na maana. Lilipata maana siku ile akaunti ilipoonyesha laki saba na kitu na yeye nyumbani kwake anadaiwa. Mkopo unahitaji wawili wanaokubaliana. Hapa alikuwapo mmoja na daftari lake.

Hata tukikubali kwamba lilikuwa deni halali, pesa zile hazikuwa za kulilipa. Hapa vikundi vingi vidogo huteleza, na si kwa wizi. Ruzuku ikija na mafungu, kila shilingi imeshapewa kazi kabla haijaingia. Chakula cha mchana cha muhula wa tatu wa 2024 hakiwezi kulipa kodi ya 2022, hata kodi hiyo ingekuwa imeshuhudiwa na malaika. Deni la zamani hulipwa kwa pesa huru: michango ya wanachama, mauzo, zawadi isiyo na masharti. Kikundi hiki hakikuwa na pesa huru hata kidogo. Mchango wa shilingi 200 kwa mwezi uliokuwa kwenye katiba ulikoma 2022, kwa kuwa kila mtu aliona sasa kikundi "kina wafadhili".

Simtetei Mama. Wasichana tisa walirudishwa nyumbani, na alipomwambia yule wa Kibuye kwamba pesa haijafika, alijua anachokifanya. Lakini gawanya 131,500 kwa miezi 44, tangu Januari 2021 hadi Agosti 2024. Unapata chini kidogo ya shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa mtu ambaye sehemu kubwa ya muda huo hakulipwa hata senti. Kamati ambayo haijawahi kujadili malipo ya anayeibeba kazi imeshaamua kwamba siku moja atajilipa mwenyewe, kwa kiwango chake na kwa wakati wake. Kosa la kwanza la kamati hii lilikuwa hilo, na hundi tupu zilikuja baadaye kulirahisishia njia.

Mpwa alikuja na suluhisho lake: kikundi kipande daraja, kisajiliwe chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma. Alikuwa ameisoma, nampa haki yake. Sheria hiyo ilipitishwa 2013 na ikakaa bila kutumika hadi 14 Mei 2024, ilipochukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Inataka katiba iseme wazi kwamba mapato hayagawiwi wanachama wala viongozi, ila malipo ya haki kwa kazi iliyofanyika. Kwa kipimo hicho katiba ya kuku isingevuka mlango. Lakini vikundi kama chao vina sheria yake, ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022, inayohitaji wanachama wasiopungua 10, na hakuna kifungu ndani yake kinachozuia mweka hazina kuona taarifa ya benki. Nilimwambia aandike kwanza kumbukumbu za mkutano huu, wa watu walio ndani ya chumba, ndipo tuzungumze daraja.

Walichoamua

Uenyekiti ulikwenda kwa Mwalimu. Mama alibaki mratibu, anahudhuria kamati bila kura. Watia saini wapya ni Mwalimu, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye na undugu na yeyote. Benki ilitaka kumbukumbu zenye saini, nakala za vitambulisho, PIN za kodi za KRA na barua ya ofisa wa maendeleo ya jamii, na shughuli hiyo ilikula wiki kadhaa. Hundi nne tupu zilizobaki zilichanwa mezani. Taarifa ya benki inasomwa kwa sauti kila mwezi, na imeshazua maswali mawili ambayo zamani yasingeulizwa.

Kuhusu daftari, walilipitia mstari kwa mstari mchana kutwa. Kodi ya miezi 24 kwa 3,500 mwenye nyumba aliithibitisha: 84,000. Bili za hospitali zenye risiti zilikuwa 12,000. Hizo 96,000 zikaandikwa kuwa deni la kikundi kwa Mama, bila riba, la kulipwa kwa pesa huru tu. Mengine yote yakaandikwa kuwa mchango wake, na shukrani ikaingia kwenye kumbukumbu.

Shirika kubwa nalo lilizikubali zile 27,000, kwa kuwa risiti za shule zilikuwapo, likadai 104,500 zirudi. Mchungaji alipendekeza madeni yakatane, zibaki 8,500. Ingekuwa rahisi, na isingewezekana: shirika lilitaka pesa taslimu, na kikundi hakikuwa nazo. Walichokifanya ni kuufufua mchango wa mwezi. Wanachama wanne waliondoka siku hiyo hiyo. Waliobaki 23 wanatoa 4,600 kwa mwezi, na Mama anatoa 5,000. Kwa miezi 11 deni la shirika linaisha, na kila shilingi ya wanachama inapunguza lile deni la 96,000, kwa kuwa inaziba pengo aliloliacha Mama.

Jambo lililomuuma Mama kuliko yote lilikuwa la sare. Kamati iliamua kwamba kazi ya kushona itaombewa bei tatu, naye anaruhusiwa kuleta yake, ila atoke nje wakati wa kuamua. "Nimeshona bure mkiwa hamjui hata njia ya shule," akasema, "leo nitoke nje kama mwizi?" Mchungaji alijaribu kumweleza kwamba ni utaratibu tu, na maelezo yakamchoma zaidi. Utaratibu ulikuwa sahihi na ulitangazwa vibaya, mbele ya watu, dakika chache baada ya kumvua uenyekiti. Ningekuwa Mwalimu ningeuanza na ndugu wa mchungaji, ambaye huwakodishia viti, ili ionekane unamhusu kila mtu. Ulipofika wakati wa kura Mama alitoka, na mweka hazina, ambaye alikuwa na haki ya kupiga kura, akainuka akatoka naye.

Hadi Oktoba 2025 awamu sita za marejesho zilikuwa zimelipwa kwa wakati. Wasichana 19 kati ya 30 wanaendelea na masomo, akina mama wawili kati ya watatu bado wanalea, mmoja kwa nusu ya malipo. Mama alishinda kazi ya sare kwa bei, 1,850, na sasa anaandikiwa vocha na mtu mwingine.

Lililobaki ni malipo yake. Mwalimu ameliweka kwenye ajenda mara mbili, na mara zote mbili limeahirishwa. Hoja ni ile ile: Mama anafanya kwa moyo, tukimpangia mshahara watu watasema kikundi kimekuwa duka. Wanaosema hivyo wana kazi zao. Mwezi huu katibu alinitumia ombi la ruzuku mpya nilipitie. Mstari wa malipo ya mratibu ameujaza sifuri. Nimemrudishia, na nimemwandikia Mwalimu kwamba fomu hiyo isitumwe kabla kamati haijakaa ikaweka tarakimu hapo.